Barua ya wazi kwa walinzi wa data zetu: Mboni za elfu saba, faini ya milioni tano

KWA: Kamishna wa Ulinzi wa Data, Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, na Waheshimiwa wabunge na maseneta, Nairobi.

MINT: WORLDCOIN, HUDUMA NAMBA NA SHERIA YENYE MENO YA MAZIWA

Waheshimiwa,

Nianze kwa pongezi, kwa sababu barua za wananchi zimezoea kuanza kwa lawama nanyi mmezoea kuziweka kando zikianza hivyo. Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data za kibayometriki zilizokusanywa na mradi wa Worldcoin nchini zilikusanywa kinyume cha sheria. Hakuna tathmini ya athari za ulinzi wa data iliyofanywa ipasavyo kabla ya kazi kuanza, na ridhaa ya watu ilivutwa kwa chambo cha sarafu. Akaamuru data hizo zifutwe kabisa ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna. Kesi ilipelekwa na shirika la kiraia, Katiba Institute. Kwa hivyo pongezi ziwaendee Katiba Institute pamoja na Mheshimiwa Jaji. Zenu ninyi bado nazitafuta, na nikizipata nitaziandika humu humu.

Huenda kuna waliosahau, maana nchi hii kashfa mpya hufika kabla ya ile ya zamani kukauka wino. Worldcoin ilizinduliwa rasmi duniani tarehe 24 Julai 2023 na kampuni iitwayo Tools for Humanity, ambayo mwanzilishi wake mmojawapo ni Sam Altman, yule yule mkuu wa OpenAI inayotengeneza ChatGPT. Ulikuwa unatazama ndani ya tufe la rangi ya fedha, linapiga picha mboni za macho yako, kisha unapewa tokeni 25 za sarafu yao. Wakati ule tokeni hizo zilibadilishwa kwa takriban shilingi 7,000. Habari zikaenea, foleni ikajaa jumba la mikutano la KICC hadi walinzi wakashindwa kuipanga. Tarehe 2 Agosti, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akasimamisha shughuli yote. Siku chache baadaye polisi wakavamia ghala Barabara ya Mombasa na kuondoka na mashine.

Ninachotaka kuzungumzia kwanza ni kicheko kilichofuata. Wasomi wetu wa mitandaoni, wale wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, waliwacheka waliopanga foleni. Wakasema Mkenya ameuza macho. Baadhi ya viongozi nao wakatumia lugha ya mzazi aliyekuta mtoto amelamba sukari ya wageni. Hebu tukumbuke Julai 2023 ilikuwa mwezi wa namna gani. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikuwa imepitishwa, na VAT ya mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Nauli ikafuata, unga ukafuata nauli, na vijana wakafuata barabara wakapigwa vitoa machozi. Halafu anatokea mtu na tufe, hakuulizi umesoma wapi, hakuulizi kabila, hataki mdhamini wala hongo. Anataka utazame tu. Nani kati yenu, Waheshimiwa, amewahi kuendesha mpango wa serikali wenye maswali machache kiasi hicho?

Tena yafaa tuseme ukweli kuhusu thamani ya data katika mji huu. Ingia jengo lolote la ofisi Nairobi. Mlinzi langoni atakupa daftari lililokunjika pembe, uandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakotoka na unayemwona. Juu ya jina lako utasoma ya waliokutangulia, na nambari zao za simu, bure kabisa. Daftari likijaa linakwenda wapi? Mimi nimeuliza katika majengo kadhaa, na jibu la heshima zaidi nililopata ni kwamba linakwenda kwa supavaiza. Mwaka 2021 Wakenya walipofungua tovuti ya Msajili wa Vyama walijikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hata ofisi zake hawazijui. Mtu alikuwa amechukua kitambulisho chao mahali fulani, pengine katika daftari kama lile, akawapa itikadi. Hakuna aliyelipwa. Katika historia yote ya Mkenya kutoa taarifa zake, Worldcoin ndiyo ya kwanza kuweka mkono mfukoni. Mkono mtupu haulambwi, na hao walikuja na mkono uliojaa. Mnashangaa foleni?

Sisemi haya kuitetea kampuni. Nasema kwa sababu ridhaa ndilo suala lililowashinda, na mkilielekeza kwa mama mboga aliyepanga foleni mtakuwa mmelielekeza kwa mtu asiye na uwezo wa kulitatua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari na ya mtu aliyeelezwa. Hiari ya mwenye deni la kodi mbele ya elfu saba ni hiari ya aina gani? Brazil waliliona hili mapema kuliko mahakama yetu: mamlaka yao ya data, Januari 2025, ilikataza kampuni hiyo kulipa watu ili watoe mboni. Hawakukataza tufe. Walikataza malipo, kwa hoja kwamba pesa inapoingia, ridhaa inakunjika, hasa kwa mhitaji. Ni sentensi moja. Inaingia katika kanuni zenu bila kuhitaji tume, semina ya Naivasha wala ziara ya mafunzo Sao Paulo, ingawa najua ziara ndiyo itakayopitishwa kwanza.

Sasa nirudi kwa walinzi.

Ofisi ya Kamishna haikuwa imelala, na hapo ndipo panaponisumbua. Iliwaandikia Tools for Humanity mwezi Mei 2023 ikiwataka waache kukusanya data nyeti za Wakenya. Mei! Uzinduzi ulifanyika Julai, na majaribio yenyewe yalikuwa yakiendelea nchini tangu 2021. Barua ilitumwa, ikapokelewa, na matufe yakaendelea kung'aa madukani. Wakati huo huo kampuni ilikuwa na cheti cha kusajiliwa kama mdhibiti wa data, yaani anayezikusanya na kuzitumia, cheti kutoka ofisi ile ile. Baadaye tulielezwa kwamba usajili si leseni. Nakubali, kisheria ni vitu viwili. Lakini mwananchi anayeoneshwa karatasi yenye nembo ya Jamhuri atajuaje kwamba maana yake ni "tunawajua" na si "tumewakubali"? Kilele cha mchezo kilikuwa Agosti, pale Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, aliposikika akieleza kwamba shughuli hiyo ipo ndani ya sheria, huku mwenzake wa Usalama akiifunga kwa sababu za usalama wa umma. Serikali moja, baraza moja, meza moja ya chai. Bunge likaunda kamati ya muda chini ya Mheshimiwa Gabriel Tongoyo wa Narok Magharibi, ikawahoji wakubwa wa kampuni, ikaandika ripoti kali. Juni 2024 idara ya upelelezi, DCI, ikafunga faili yake na kuishauri kampuni isajili biashara vizuri na ipate leseni zinazohitajika.

Yaani kama si shirika la kiraia kwenda mahakamani, hadithi ingeishia kwenye ushauri wa kusajili biashara.

Nimesoma kifungu cha 63 cha Sheria yenu, na nawasihi wote mlio na nakala mkifungue sasa hivi. Kinasema faini ya juu ambayo Kamishna anaweza kuitoza kampuni ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Ile iliyo NDOGO, Waheshimiwa. Sheria hii mliikopa kwa kiasi kikubwa kutoka Ulaya, na kule kanuni yao inasema hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, ile iliyo kubwa. Sijui aliyekuwa akinakili usiku huo alisinzia wapi, au aliamshwa na nani, lakini neno moja lilibadilika na meno yote yakadondoka.

Tupige hesabu, kwa kuwa hesabu haina chama. Walioandikishwa Kenya walitajwa kuwa takriban 350,000. Kila mmoja akihesabiwa elfu saba, kampuni ilikuwa tayari kutoa thamani ya karibu shilingi bilioni 2.45 ili kupata mboni za Wakenya. Faini ya juu kabisa ni milioni 5, ambayo ni malipo ya watu 714 na chenji. Foleni ya KICC ya asubuhi moja ingeweza kuwafikisha hao. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu ataiandika faini kama hiyo kwenye bajeti, mstari mmoja chini ya chai na vitafunio, na kuendelea na kazi.

Halafu linganisheni na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Kifungu cha 27, kuhusu kumsumbua mtu mtandaoni, kiliandikwa na faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo kijana wa Kayole akimwandikia kiongozi maneno ya kuudhi kwenye X anaweza kudaiwa mara nne ya kile ambacho Kamishna anaweza kuidai kampuni iliyobeba macho ya watu laki tatu na nusu. Na mlipokirekebisha kifungu hicho Oktoba 2025, hamkuipunguza hofu, mliipanua, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji ndani ya wiki moja. Mswada wa kuwalinda wakubwa dhidi ya maneno hupata nafasi katika ratiba ya Bunge. Ule wa kubadilisha neno "ndogo" kuwa "kubwa" unasubiri nini? Ni herufi chache. Nitachangia wino.

Kuna jambo la kiufundi ambalo naomba mlielewe kabla hamjakutana tena na mawakili wa kampuni hii au nyingine mfano wake, kwa sababu zitakuja. Utetezi wao mkubwa ni kwamba picha ya jicho haihifadhiwi, isipokuwa mtu mwenyewe ameruhusu. Tufe linaigeuza picha kuwa msimbo, mfuatano mrefu wa tarakimu, kisha picha inafutwa. Inaonekana safi sana. Lakini fikirieni kazi ya msimbo huo ni ipi. Ni kuhakikisha mtu mmoja haandikishwi mara mbili. Ili kujua kama jicho la leo limewahi kuonekana, lazima lilinganishwe na macho yote ya jana, na ili yalinganishwe lazima kitu chao kiwe kimewekwa mahali fulani. Picha ikiondoka na msimbo ukabaki, kilichobaki bado kinakutambua wewe na si mwingine yeyote duniani, maisha yako yote, kwa sababu nenosiri hubadilishwa lakini mboni haibadilishwi. Baadaye walisema misimbo hiyo imevunjwa vipande na kugawanywa katika seva tofauti ili asiwepo mmoja anayeishika nzima. Ni hatua nzuri, siidharau. Hata hivyo mamlaka ya data ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, ambako kampuni ina tawi lake la Ulaya, ilichunguza na mwezi Desemba 2024 ikawaamuru waweke utaratibu wa kufuta unaolingana na sheria ya Ulaya. Uhispania na Ureno zilikuwa zimeshawasimamisha mwezi Machi mwaka huo. Hong Kong ikafuata Mei.

Kwa hiyo nikiambiwa "data za Wakenya zimefutwa", swali langu ni rahisi. Kipi kimefutwa? Picha, msimbo, vipande vya msimbo, au vyote? Nani alithibitisha, kwa kutazama mashine ipi, iliyoko nchi gani? Na misimbo ilivyotumika kuifunza na kuirekebisha mifumo yao kabla ya kufutwa, hiyo inafutwaje? Jaji alisema kazi hiyo ifanywe chini ya usimamizi wa Kamishna. Usimamizi una karatasi. Karatasi hiyo ichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza, iwe na jina la aliyetia sahihi, iwekwe mahali ambapo aliyepanga foleni ataisoma kwa simu yake bila kuandika ombi la habari na kusubiri miezi.

Nina mengine ya kusema kuhusu Bwana Altman, na hapa naomba subira kidogo kwa kuwa ndipo kejeli inapokolea.

Sababu ya Worldcoin kuwepo, kwa maelezo yao wenyewe, ni kwamba akili unde, yaani AI, itajaza intaneti hadi tushindwe kujua nani ni mtu na nani ni roboti. Kwa hiyo kila binadamu anahitaji cheti cha ubinadamu. Anayetuonya kuhusu mafuriko hayo ndiye pia anayeuza maji. Hilo peke yake lingetosha kwa kicheko cha jioni. Lakini Nairobi ina nafasi mbili katika biashara hii, si moja. Kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, OpenAI iliiajiri kampuni ya kandarasi, Sama, ambayo wafanyakazi wake hapa Nairobi walisoma na kuyapa alama maandishi ya kutisha, ya ubakaji, mateso, watoto kudhulumiwa, ili mashine ijifunze yasiyofaa kusemwa. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi hao walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba uliitaka OpenAI kulipa dola 12.50 kwa saa. Baadhi yao waliliandikia Bunge lenu la Taifa malalamiko mwezi Julai 2023. Angalieni tarehe tena. Mwezi ule ule ambapo kundi moja la Wakenya lilikuwa likibisha mlango wa Bunge likieleza jinsi lilivyoharibiwa akili likiifundisha mashine adabu, kundi jingine lilikuwa KICC likilipwa kuthibitisha kwamba si mashine. Waajiri wawili tofauti kisheria, naam. Mwanzilishi mmoja.

Na hao wa foleni, kwa saa walizosimama, walilipwa vizuri zaidi.

Jambo jingine la kuchekesha kwa uchungu: wakati Mkenya anapewa tokeni 25, raia wa Marekani, nchi ya Bwana Altman, hakuruhusiwa kuzipata. Kampuni iliogopa wadhibiti wa kwao. Tokeni zilianza kutolewa kule mwisho wa Aprili 2025, upepo wa siasa za sarafu za kidijitali ulipogeuka Washington. Siku chache baadaye Jaji Aburili akatoa hukumu yake. Yaani kwa karibu miaka miwili bidhaa ilikuwa nzuri ya kutosha kwa macho ya Nairobi lakini si ya Nashville. Kampuni ya nje hupima uzito wa mdhibiti kabla ya kupima soko, na sisi tulipimwa tukaonekana wepesi.

Mnajua kwa nini tulionekana wepesi? Kwa sababu wepesi wenyewe tunautangaza. Walipokwenda mahakamani wachujaji wa maudhui ya Facebook, wale wanaotazama na kuondoa machapisho mabaya, wakiongozwa na kesi ya Daniel Motaung ya mwaka 2022 na kisha ya wenzake zaidi ya 180, Meta, mwenye Facebook, ilidai kwamba haina makao hapa na mahakama zetu haziwezi kuihoji. Mahakama ya Rufaa ilikataa dai hilo Septemba 2024. Ulikuwa ushindi ambao nchi nyingine za Afrika zilitamani kuwa nao. Nini kilifuata Seneti? Mswada wa marekebisho ya sheria za biashara wenye kifungu cha kuikinga kampuni inayotoa kazi za nje isishtakiwe na wafanyakazi wa mkandarasi wake. Majaji wanafungua mlango, watunga sheria wa Seneti wanaleta kufuli. Hoja ni kwamba tusiwatishe wawekezaji, vijana wanahitaji ajira za kidijitali. Vijana wanazihitaji, sibishi. Lakini Desemba 2024 ilifichuliwa mahakamani kwamba zaidi ya wachujaji 140 waligunduliwa na daktari kuwa na msongo mkali wa baada ya kiwewe. Kwa hiyo mswada unapozungumzia kumwondolea mwekezaji mzigo, useme pia mzigo huo unahamishiwa kwa nani. Hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili, haina kifungu cha kutoshtakiwa.

Sasa tufike nyumbani. Nyani haoni kundule, na kundule la serikali linaitwa Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho wa kila raia.

Aprili 2019 serikali ilituamuru tupange foleni, nayo haikutulipa hata tokeni moja. Alama za vidole, picha ya uso, na sheria iliyotaka pia DNA na mahali tunapoishi kwa vipimo vya setilaiti, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Mahakama ilisema zoezi lisiwe la lazima. Machifu na wakubwa wakaendelea kutuambia kwamba asiyejiandikisha asitafute pasipoti wala huduma. Watu zaidi ya milioni 36 walijiandikisha, mabilioni ya shilingi yakatumika, kadi zikachapishwa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba utoaji wa kadi hizo ulikiuka sheria kwa sababu tathmini ya athari za ulinzi wa data haikufanywa kwanza. Mlalamishi alikuwa nani? Katiba Institute. Utetezi wa serikali ukawa nini? Kwamba data zilikusanywa kabla ya Sheria kuanza kutumika.

Someni hukumu hizo mbili sambamba, ya 2021 na ya 2025. Kosa ni lile lile: tathmini haikufanywa. Mshtaki ni yule yule. Katika ya kwanza mkosaji alikuwa Jamhuri, katika ya pili mkosaji alikuwa kampuni ya Kizungu. Kuhusu ya pili tuliunda kamati, tukavamia ghala, tukahutubia taifa juu ya uhuru wa data. Kuhusu ya kwanza tukabadilisha jina. Ikaja Maisha Namba mwaka 2023, nayo Desemba mwaka huo ikasimamishwa mahakamani, ikafunguliwa, ikasimamishwa tena, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Mtoto anayezaliwa Pumwani leo anapewa namba kabla hajafumbua macho vizuri. Angalau Worldcoin ilisubiri afikishe miaka 18, kwa maandishi yao.

Mtasema serikali si kampuni, ina jukumu la kikatiba, inahitaji kujua raia wake. Nakubali kabisa, na ndiyo maana inapaswa kuwa ya kwanza kutii kifungu cha 31 cha Sheria iliyoitunga yenyewe. Kamishna akitaka kampuni ijayo yenye tufe, mche au mchemraba ishike barua yake ya Mei kwa mikono miwili, ni lazima awe ameshawahi kuiandikia wizara barua kama hiyo, na wizara ikatii. Mdhibiti anayeogopa Harambee House, kwenye ofisi ya Rais, hataogopwa na San Francisco.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka, na sitaki yaundiwe tume. Kifungu cha 63 kibadilishwe, na Mwenyekiti wa kamati husika awe na ujasiri wa kueleza hadharani neno "ndogo" liliingiaje. Kanuni zipige marufuku kulipia data za kibayometriki, kwa fedha, sarafu, bando au unga. Agizo la Kamishna la kusimamisha ukusanyaji litangazwe hadharani siku linapotolewa, redioni na kwa lugha za watu, kwa sababu barua ya Mei 2023 ingewafikia wenye foleni wasingehitaji polisi. Wachujaji na watia alama wa akili unde wabaki na haki ya kumshtaki mwenye kazi popote alipo. Na tathmini ya athari za Maisha Namba ichapishwe yote, kurasa zote, si muhtasari wa mshauri wenye picha za watoto wakitabasamu.

Kuhusu madaftari ya walinzi langoni sina matumaini makubwa. Lakini kama Kamishna anatafuta pa kuanzia wiki hii, aanze na lile la jengo lenye ofisi yake mwenyewe, aulize likijaa linakwenda wapi, kisha atujibu.

Wenu mtiifu, kwa mujibu wa sheria za mtandao kama zilivyosimama asubuhi hii,

Mlipa kodi, Nairobi